Kunukuu si Kurudufisha: Jinsi Seli Inavyoilinda Jenomu Yake

Wanabiolojia walipotafuta maneno ya kueleza yanayotendeka ndani ya seli, walikuja kubisha hodi kwetu sisi watu wa lugha. Wakachukua 'msimbo', wakachukua 'unukuzi', 'tafsiri', 'uhariri', hata 'kusoma prufu'. Hawakuomba ruhusa wala hawajarudisha. Leo ukifungua kitabu cha jenetiki utadhani umeokota kitabu cha isimu kwa bahati mbaya.

Kwa anayesoma kwa Kiingereza, mkopo huo hauna taabu. Taabu iko kwetu. Mara kwa mara naletewa tafsiri za makala za afya, maelezo ya wagonjwa na miswada ya vitabu vya watoto ili niitazame lugha. Katika nyingi ya kazi hizo naona kitenzi kimoja, kunakili, kikibebeshwa mizigo miwili. Seli inapotengeneza nakala kamili ya DNA yake kabla ya kugawanyika, mtafsiri huandika 'kunakili'. Seli inapoifungua jeni moja na kutoa ujumbe wa RNA, huandika 'kunakili' vilevile.

Kwani kuna ubaya gani? Upo, tena mkubwa. Shughuli hizi mbili hugombania njia moja ndani ya kiini cha seli, na mgongano wake ni mojawapo ya mambo yanayovunja kromosomu na kufungulia saratani mlango. Ukiziita kwa jina moja huwezi kuueleza ugomvi wenyewe. Utakuwa kama msimulizi anayetuhadithia vita kati ya Juma na Juma.

Basi tutengane na utata huo kwanza. Kurudufisha ni kuifanya DNA nzima kuwa mbili, ili kila seli changa ipate yake. Kunukuu ni kuchukua sehemu, jeni moja, na kuiandika upya kwa RNA, kama mwanafunzi wa fonetiki anavyofanya unukuzi wa matamshi: maneno ni yaleyale, alama zinabadilika kidogo. DNA huandikwa kwa herufi A, T, G na C. RNA huweka U mahali pa T. Kutafsiri ni hatua ya baadaye, ujumbe wa RNA unaposomwa na protini kuundwa. Hapo lugha yenyewe inabadilika, kutoka lugha ya herufi 4 hadi lugha ya asidi amino 20. Kwa maoni yangu neno 'tafsiri' limewafaa wanabiolojia kuliko mengine yote waliyokopa.

Jenomu ya binadamu ina jozi za herufi zipatazo bilioni 3, na jeni zenye maagizo ya protini takriban 20,000. Karibu kila seli mwilini hubeba nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ukiunyoosha uzi wote uliomo katika seli moja utapata urefu wa kama mita 2, nao umekunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho matupu. Haukukunjwa ovyo. Umezungushwa juu ya vigurudumu vya protini viitwavyo histoni, jozi 147 kwa kila kigurudumu, kisha vigurudumu hivyo vikashindiliwa pamoja.

Kukunjwa huko ndiko ulinzi wa kwanza. Waliosoma historia ya fasihi yetu wanamkumbuka Muhamadi Kijuma wa Lamu, fundi wa nakshi na mnakili wa tendi, ambaye mkono wake umetuhifadhia miswada iliyomo hadi leo katika maktaba za Ulaya. Mtu yeyote aliyewahi kushika mswada mkongwe anajua kwamba mswada huumia unapofunguliwa. Mwanga unaufikia, jasho la vidole linaugusa, karatasi inapindwa. Lakini mswada usiofunguliwa hauna faida kwa mtu. Ndiyo hali ya DNA. Isiponukuliwa, seli haipati protini na inakufa, ikinukuliwa, inajianika.

Inajianika vipi? Kimeng'enya kinachonukuu, jina lake polimeresi ya RNA, hakiwezi kusoma uzi uliosukwa. Ni lazima kizitenganishe nyuzi mbili za DNA, na uzi uliotengwa na mwenzake hudhurika upesi kwa kemikali zilizomo ndani ya seli yenyewe. Tena, kadiri kimeng'enya kinavyosonga, DNA iliyo mbele yake inazidi kusokoteka. Chukua kamba ya katani yenye nyuzi mbili, ifunge ncha moja, kisha ingiza kidole katikati ya nyuzi na ukisukume mbele. Utaona mbele ya kidole inakaza na kujikunja fundo. Seli ina vimeng'enya maalumu, topoisomeresi, ambavyo kazi yake ni kuikata kamba hiyo kwa muda, kuilegeza na kuiunga tena. Kukata na kuunga huko nako ni hatari ikiwa kazi itaachwa nusu.

Kisha kuna jambo ambalo wataalamu wamelishughulikia sana katika miongo miwili iliyopita. Wakati mwingine RNA iliyokwisha kunukuliwa haiondoki. Inang'ang'ania uzi wa DNA iliotokea, na ule uzi mwingine unabaki ukining'inia peke yake kama kitanzi. Huitwa kitanzi cha R. Vingine vina kazi ya maana, lakini vikizidi DNA hukatika. Kwa hiyo seli imeajiri vyema. Kipo kimeng'enya, ribonukliesi H, kinachoila RNA iliyonata kwenye DNA. Ipo protini iitwayo senataksini inayozitenganisha nyuzi. Hata BRCA1 na BRCA2, ambazo wasomaji wengi wamezisikia zikitajwa pamoja na saratani ya matiti, mbali na kazi yao maarufu ya kuunga DNA iliyokatika, zimeonekana kusaidia kuzuia vitanzi hivi visijazane.

Sasa turudi kwenye ule ugomvi. Mfikirie dereva wa treni kwenye reli moja isiyo na njia ya kupishana. Mtambo wa kunukuu unapita juu ya DNA, na mtambo wa kurudufisha unapita juu ya DNA hiyohiyo. Katika bakteria E. coli mtambo wa kurudufisha huenda kasi ya kama herufi 1,000 kwa sekunde, ilhali wa kunukuu hujikokota kwa makumi machache tu. Kukutana hakuepukiki. Wakienda upande mmoja, wa nyuma atamgonga wa mbele kisogoni, madhara ni madogo. Wakikutana uso kwa uso, mtambo wa kurudufisha hukwama na DNA huweza kukatika. Kwa hiyo bakteria wamepangwa kwa namna ya kustaajabisha: jeni zao nyingi, hasa zile zinazonukuliwa mno, zimeelekezwa upande uleule ambao urudufishaji unaelekea.

Hamira nayo ina hila yake. Katika eneo la jeni zinazotoa RNA ya ribosomu, ambazo zinanukuliwa usiku na mchana, hamira imeweka kizuizi, protini iitwayo Fob1, inayousimamisha mtambo wa kurudufisha ukija kwa upande mbaya. Ni askari wa trafiki hasa, tena asiyechukua kitu kidogo.

Kwetu binadamu mambo ni mazito zaidi kwa sababu baadhi ya jeni zetu ni ndefu mno. Jeni ya distrofini, ambayo ikiharibika mtoto hudhoofika misuli, ina herufi zaidi ya milioni 2. Polimeresi inayonukuu kwa kasi ya kama herufi 2,000 kwa dakika inahitaji muda wa takriban saa 16 kumaliza safari moja. Hebu fikiria seli inayotaka kugawanyika ikiwa na msafiri wa namna hiyo njiani. Na kweli, baadhi ya maeneo ambayo kromosomu zetu hukatika kwa urahisi yamo ndani ya jeni ndefu za aina hii, na hukatika katika seli ambazo jeni hizo zinanukuliwa. Ili kupunguza ajali, seli zetu huanzisha urudufishaji mara nyingi karibu na mahali jeni zinazotumika sana zinapoanzia, ili mitambo yote miwili ielekee upande mmoja.

Naomba msomaji aone kwamba kudhibiti unukuzi si kuuzuia. Nimeona mfasiri mmoja akiandika kwamba 'seli huzuia jeni ili zisilete saratani', nikabaki kushika kichwa. Seli huamua wakati, mahali na kiasi. Kuna sehemu huzinyamazisha kabisa, hilo ni kweli. Karibu nusu ya jenomu yetu imetokana na vipande vinavyohama, ambavyo Barbara McClintock alivitambua nchini Marekani katika miaka ya 1940 alipokuwa akichunguza rangi za punje za mahindi. Wenzake wengi hawakumwelewa. Tuzo ya Nobel alipewa 1983, akiwa na umri wa miaka 81. Vipande hivi vikinukuliwa vinaweza kujipachika katikati ya jeni nyingine na kuiharibu, kwa hiyo seli huvitia alama za kikemikali na kuvishindilia pamoja na histoni visisomeke. Zipo pia nyakati ambapo kunyamazishwa ni kwa muda. Nyuzi zote mbili za DNA zikikatika mahali fulani, protini iitwayo ATM (haihusiani na mashine ya kutolea pesa) hutoa ishara, na jeni zilizo karibu na mkato huacha kunukuliwa mpaka mafundi wamalize. Barabara imefungwa kwa ukarabati.

Lakini la kupendeza kuliko yote, kwangu mimi niliyeishi maisha yangu nikisahihisha kazi za wengine, ni kwamba msomaji wa DNA ndiye pia mgunduzi wa makosa.

Mnamo 1985 Philip Hanawalt na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliziangazia seli za hamsta miale ya jua ya aina ya UV, ambayo hugandisha pamoja herufi mbili zilizo jirani. Kisha wakachunguza jinsi zinavyotengenezwa. Katika jeni moja inayotumika sana, zaidi ya thuluthi mbili ya madoa hayo yalikuwa yameondolewa baada ya kama siku moja. Katika jenomu kwa ujumla, ni sehemu ndogo tu iliyokuwa imeshughulikiwa. Miaka 2 baadaye, 1987, wakaonyesha jambo la ajabu zaidi: hata ndani ya jeni hiyo, uzi unaotengenezwa upesi ni ule unaosomwa na polimeresi. Mwenzake husubiri zamu.

Maana yake ni nini? Polimeresi inaposonga na kukutana na doa, inakwama. Kukwama huko ndiko ukunga. Protini iitwayo CSB huja, ikamwita mwenzake CSA, nao wakawaita mafundi wanaokata kipande cha herufi zipatazo 30 chenye doa, na pengo likajazwa kwa kuufuata uzi mzima wa upande wa pili. Unukuzi ambao tuliulaumu kwa kuianika DNA ndio huohuo unaoikagua. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipata Nobel ya Kemia 2015 kwa kueleza jinsi DNA inavyokarabatiwa. Njia ya kukata kipande na kujaza ndiyo aliyoifafanua Sancar, Mturuki aliyefanyia kazi Marekani.

Wako watoto wanaozaliwa bila CSA au CSB iliyo timamu. Ugonjwa wao una jina la Edward Cockayne, daktari wa London aliyeueleza 1936. Hawakui ipasavyo, ngozi yao haistahimili jua, na huzeeka wangali watoto. Ajabu ni kwamba hawaelekei kupata saratani ya ngozi. Inavyoelezwa, polimeresi iliyokwama bila msaada huiua seli kabla haijapata nafasi ya kuasi. Wengine huzaliwa wakiwa na hitilafu katika mafundi wenyewe wa kukata, katika jenomu yote, ugonjwa uitwao zeroderma pigmentosamu, nao hupata saratani ya ngozi mapema mno. Hapa nawasihi waandishi wetu wa afya wasiuchanganye ugonjwa huu na ualbino. Mwenye ualbino hakosi mafundi. Anakosa mwavuli, yaani ile rangi ya melanini inayoizuia miale isifike. Ushauri wa kofia na mafuta ya kinga unafanana, ila chanzo ni tofauti kabisa.

Doa likizidi, mlinzi mwingine huingia: protini p53, iliyogunduliwa 1979 na ambayo David Lane aliibandika 1992 jina la mlinzi wa jenomu. Kazi yake ni ya unukuzi vilevile. DNA ikiumia, p53 hukaa kwenye jeni kadhaa na kuamuru zinukuliwe, mojawapo ikiwa p21, inayosimamisha mgawanyiko wa seli. Ikiwa uharibifu hautengenezeki, p53 huamuru jeni za kujiua. Jeni ya p53 imeharibika katika karibu nusu ya saratani za binadamu. Ndovu wa Afrika, huyuhuyu wa Tsavo na Amboseli, ana nakala 20 za jeni hiyo mahali ambapo sisi tuna moja, kama ilivyoripotiwa 2015. Mnyama mwenye seli nyingi kiasi hicho angetarajiwa kuwa mgonjwa wa saratani kila siku, naye haugui hivyo.

Haya yote yangeweza kuonekana ya mbali, mambo ya Stanford na London, kama si kisa kimoja kilichoanzia hapa kwetu. Mwaka 1957 katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Akaanza kuwaona wengine. Akaandika mwaka 1958, na 1961 akafunga safari ya gari ya wiki 10 na kama maili 10,000, pamoja na madaktari wawili, kupitia Afrika Mashariki hadi kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona kwamba uvimbe huo unafuata joto na mvua, ukanda uleule wa malaria. Nchini Kenya unaonekana zaidi katika kanda ya ziwa, magharibi na pwani. Sampuli zilizotoka Kampala ndizo zilizomwezesha Anthony Epstein na wenzake huko London kuona, 1964, virusi ambavyo leo vinajulikana kama virusi vya Epstein na Barr.

Ilipofika 1982 wataalamu waligundua kilichotokea ndani ya seli. Uvimbe huanza katika seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Seli hizi zina ruhusa ya pekee: hubadilisha makusudi herufi za jeni zao za kingamwili, ili zipate kinga bora dhidi ya maradhi. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huitwa AID, nacho hugusa tu uzi uliotengwa na mwenzake. Na uzi hutengwa lini? Jeni inaponukuliwa. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya msomaji ndio huohuo AID inaopitia.

Mara chache AID hukosea anwani. Hugusa jeni ya MYC, iliyo kwenye kromosomu ya 8. DNA inakatika, na katika kuungwa, kipande cha kromosomu ya 8 kinashonewa kwenye ile ya 14, jirani kabisa na jeni ya kingamwili. Herufi zinazounda protini ya MYC huweza kubaki vilevile zilivyokuwa. Kilichobadilika ni ujirani. Jeni iliyozoea kunukuliwa kwa kipimo sasa inaishi chini ya swichi ya jeni ya kingamwili, ambayo katika seli B haizimwi. Na MYC yenyewe ni protini inayochochea unukuzi wa jeni nyingine nyingi. Seli inagawanyika bila breki. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Virusi huizuia seli isife, malaria huzichochea seli B zizaane na, kwa mujibu wa majaribio ya panya, huongeza kazi ya AID. Mara nyingi p53 nayo hukutwa imeharibika.

Mzazi wa mtoto huyo, awe Siaya au Kilifi, atapewa maelezo kwa Kiswahili, au hatapewa kabisa. Nimeliona karatasi la maelezo, sitataja la hospitali gani, lililosema kwamba 'jeni ya mtoto imenakiliwa vibaya'. Mama aliyelisoma aliniambia alielewa kuwa yeye na mumewe ndio waliomnakilia mtoto kasoro. Alibeba aibu hiyo kwa miezi, na nyumbani kukawa na maneno. Ilhali hitilafu ya kromosomu ya 8 na 14 hutokea katika seli moja ya mtoto, baada ya kuzaliwa, na wala hairithiwi.

Kwa maelezo kama hayo ningependekeza sentensi hizi, na madaktari wenye bora zaidi wazilete: 'Katika seli moja ya damu ya mtoto wako, jeni moja imehama mahali pake. Huko ilikohamia inanukuliwa bila kukoma, ndiyo maana seli hiyo inazaana kupita kiasi. Hamkumrithisha. Dawa tutakazompa hushambulia seli zinazogawanyika upesi, na watoto wengi wanaoanza matibabu mapema hupona.'